Lami Iliyopimwa kwa Maharage

Nyie mnaoanza kazi ya barabara sasa, mnakuta mitambo inayopasha lami moto yenyewe na kipimo cha kuwaonyesha joto lake. Nawaombeni msinicheke mapema. Sie lami yetu tuliipima kwa sufuria ya maharage, ilitupa viraka vizuri, na siku ilipotuharibikia, aliyeiharibu alikuwa mie.

Nina miaka arobaini na sita. Wenzangu wa umri huu ndio kwanza wanapandishwa vyeo, lakini mie tayari naitwa mstaafu, kwa sababu tulipopunguzwa kazini hakuna aliyetuuliza umri. Nilimaliza kidato cha nne, nikazunguka huku na huku, na mahali nilipokaa muda mrefu kuliko pote ni kwenye kikosi cha kuziba mashimo upande wa Temeke. Hata hapo nilikaa kwa shida. Kila lori lililopita likielekea mbali nililisindikiza kwa macho. Mzee Kitwana, mnyapara wetu, aliliona hilo wiki ya kwanza tu, akaniita Miguu, na jina likanikaa.

Tulikuwa wanne. Mzee Kitwana mwenyewe, Mzaramo wa Yombo, mfupi, mpole, mwenye kucha moja ndefu ya kidole gumba ambayo hakuikata kwa sababu ndiyo aliyobonyezea lami kujua kama imekaa. Deo, aliyetoka bara, mwenye nguvu za watu wawili na maneno ya watu sita. Mama Nasra, mfagiaji wetu, ambaye pia alitupikia. Na mie, mkaa pipani, yaani mwenye kuangalia lami inapochemka.

Siku yangu ya tatu nilimwaga lami ya moto kwenye shimo lenye unyevu. Ilifoka na kuruka kama mafuta yaliyoingia maji, na Deo akapoteza nusu ya nyusi ya kulia. Miaka yote baadaye, akikutana na mtu mgeni, alinitambulisha hivi: "Huyu ni Miguu, kinyozi wangu." Kwa hiyo chukueni hilo la kwanza: shimo likaushwe. Kama mvua imenyesha, washeni makumbi ya nazi ndani ya shimo lenyewe, yaacheni yafuke mpaka ardhi ibadilike rangi. Na msizibe shimo lilivyo. Lichongeni liwe na pembe nne, kuta zake zisimame kama za sanduku, maana shimo la mviringo lenye kingo nyembamba haliishiki lami, linaiazima tu. Fagieni vumbi lote. Hapa Mama Nasra hakuwa na mzaha. Alikuwa akipitisha kiganja chake ndani ya shimo kisha anakionyesha: "Haya, nani atalala kwenye shuka hili?" Kama kiganja kina vumbi, tunafagia tena.

Sasa nije kwenye mpira.

Ilikuwa enzi ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, magari ya mtumba yanashuka bandarini kila wiki, na tairi zao kuukuu zikazagaa kila mahali. Zilikuwa kwenye mitaro, nyuma ya nyumba, viwanjani, zimejaa maji ya mvua na viluwiluwi vya mbu. Kwa upande mwingine, lami ilikuwa haba. Tulipewa mapipa machache, na magari yalikuwa yameongezeka kuliko barabara zilivyozoea. Tulikuwa tunaziba shimo mwezi wa pili, masika yanapiga, mwezi wa tano tunaliziba lile lile. Watu walituzoea mpaka wakawa wanatusalimia kwa kejeli. "Mmekuja kuyamwagilia mashimo yenu?"

Mzee Kitwana aligundua jambo lake kwa fundi tairi mmoja wa Tandika. Zamani kikosi kilimwaga lami kidogo pale mbele ya kibanda cha fundi huyo, ikachanganyika na vumbi la mpira alilokuwa akikwangua kila siku kabla ya kubandika viraka vya matairi. Barabara yote pale ilipasuka, lakini pale kibandani pakabaki pazima. Mzee alipita pale miaka mingi bila kupaona. Siku alipopaona, alipiga magoti mbele za watu akapabonyeza kwa ile kucha.

"Inarudi," alituambia. "Unaibonyeza, inarudi. Kama kiganja cha mtoto."

Tukaanza kukusanya. Mafundi wa makatambuga, vile viatu vya tairi, walitupatia vumbi la tupa zao. Karakana moja ya Chang'ombe iliyokuwa ikivisha tairi za malori ngozi mpya ilikwangua ngozi ya zamani kwa mashine na kupata chenga laini za mpira, magunia kwa magunia, na walifurahi kumpata mtu wa kuwaondolea. Jioni tulichekecha. Nyuzi na vipande vya waya vilitupwa. Chenga zilizozidi punje ya mchele zilirudi guniani. Tulipima ndoo moja ya chenga kwa ndoo sita za lami, tukatia kidogo kidogo, tukikoroga bila kupumzika.

Tulijaribu na mifuko ya nailoni pia, ile inayopeperuka sokoni. Ilitoa moshi uliowatoa watu majumbani, ikafanya madonge kama ugali uliomshinda mpishi. Mzee akasema hiyo tuwaachie watakaokuja na mitambo yao. Nasikia siku hizi ipo nchi inaifanya kweli. Mkijaribu, angalieni moshi kwanza.

Siri ya mpira ni muda. Lami ikipata moto inaonekana tayari upesi, nyeusi na inang'aa, na mtu mwenye haraka ataimwaga. Lakini chenga zilizomo ndani bado ni mbichi. Zinatakiwa zikae kwenye joto la wastani, zinywe mafuta ya lami, zivimbe, zilainike, mpaka ukiinua mwiko lami inashuka polepole kama uji wa ulezi bila kuonyesha punje. Moto ukizidi, lami inaungua na kuwa kama mkaa. Ukipungua, chenga hazinywi. Saa ya mkononi hatukuwa nayo hata mmoja wetu, ila Mama Nasra alikuwa anainjika maharage yetu ya mchana kwenye moto ule ule, kando ya pipa. Mzee alikuja kuona kwamba maharage makavu, yasiyolowekwa, yakiinjikwa wakati chenga zinaingia pipani, yanaiva wakati lami nayo imeiva. Moto ukiwa mdogo vyote vinachelewa, ukiwa wa kutosha vyote vinakwenda pamoja. Basi ikawa ndiyo kanuni. Mama Nasra anabonyeza harage moja kati ya vidole, anasema, "Yameiva," na hapo mie nafungua pipa, lami inachanganywa na kokoto, inamwagwa shimoni na kushindiliwa.

Viraka viwili vya kwanza tuliviweka Yombo, kwenye mteremko tuliouita Kona ya Mashine kwa sababu ya mashine ya kusaga unga iliyokuwa pale. Kina mama walishuka pale na ndoo za mahindi kichwani, wakipanda na unga, na mashimo matatu ya pale yalikuwa yamemwaga unga wa wengi. Lilibaki shimo la tatu, kubwa kuliko yote, ndipo injinia alipotokea.

Alikuwa kijana, suruali imepigwa pasi, ndiyo kwanza amehamishiwa kwetu. Aliyaona magunia.

"Nani amewaruhusu kutia taka kwenye barabara ya serikali?"

"Shikamoo sikupi, Injinia, we ni mwanangu," alisema Mzee Kitwana. "Karibu. Taka ilikuwa jana. Leo ni lami."

Injinia hakucheka. Aliinama, akavitazama viraka viwili, akavikanyaga kwa kisigino. Halafu alisema kwa sauti ya chini, bila ukali, na ndiyo maana tuliamini kila neno: "Mzee, masika yanakuja. Nitavikagua vyote vitatu mvua zikiwa zimekolea. Vikikaa, nitaandika kwamba njia hii inafaa na mtaendelea nayo. Kikitoka hata kimoja, nitaandika kwamba ulichezea mali ya umma, na utaondoka kazini kwa barua hiyo."

Mzee alikuwa amebakiza mwaka mmoja na kidogo astaafu. Miaka yote ile juani, halafu jina lake libaki kwenye faili kama mtu aliyemwaga taka barabarani. Alibonyeza kiraka kwa kucha, akasimama, akasema tumalize la tatu Jumamosi.

Jumamosi hiyo aliitwa ofisini asubuhi. Alituachia kazi, akaniambia mie hasa: "Miguu, we ndiye wa pipa. Maharage yakiiva, mwaga. Yasipoiva, hata nikija mie mwenyewe nikakwambia mwaga, usimwage."

Mie Jumamosi hiyo nilikuwa na safari. Nilikuwa nimesikia habari za Kimbiji, kule kusini ya Kigamboni, na lori moja la mkaa lilikuwa linarudi huko likiwa tupu. Likikuacha umekaa mpaka Jumamosi nyingine. Sikuwa na ndugu Kimbiji wala biashara. Nilitaka tu kwenda. Dereva alisema ataondoka ng'ambo ya pantoni saa tisa.

Jua lilipita utosini, maharage bado magumu kama kokoto. Mama Nasra alikwenda mashineni kuomba maji. Deo alikuwa akichonga kingo za shimo, amenipa mgongo. Kwenye kapu la Mama Nasra kulikuwa na kifuko cha magadi alichonunua kwa ajili ya mlenda wa nyumbani kwake. Nilichukua donge dogo, nikalivunja kwa vidole, nikalitia sufuriani.

Mnajua magadi yanavyofanya kazi. Muda si mrefu maharage yakawa laini. Mama Nasra alirudi, akabonyeza harage, akashangaa kidogo. "Yameiva! Leo yana haraka kama nani?" Deo akasema, "Yanaogopa masika." Tukamwaga. Niliuona mwiko ukitoka na vijipunje, kama uji uliochujwa vibaya, na nikajiambia vitaisha vyenyewe humo shimoni. Tukashindilia. Nikanawa kwa mafuta ya taa, nikakimbia, nikaliwahi lori.

Kimbiji ni pazuri. Sikumbuki chochote zaidi.

Masika yakaja. Viraka viwili vya kwanza vilikaa kama vimezaliwa pale. Kwenye shimo la tatu, wiki ya pili, nikaona kokoto moja imelala pembeni. Kesho yake nne. Baadaye nilikuja kufahamu sababu yake, nanyi ikumbukeni: chenga mbichi hazifi. Zinaendelea kunywa mafuta ya lami zikiwa shimoni, zinavimba, na zikivimba zinazisukuma kokoto zitoke mahali pake. Kiraka kinajibomoa chenyewe kutoka ndani.

Nikaanza kuwahi kazini kabla ya wenzangu. Niliokota kokoto zilizotoka nikazitia mfukoni, nikashindilia penye pengo kwa kisigino, nikatandaza mchanga juu. Mifuko ya suruali yangu ikagandana kwa lami. Deo akauliza, "Miguu, siku hizi unatembea na barabara?" Nikacheka. Moyoni nilikuwa nikihesabu siku. Injinia alikuwa amesema Ijumaa.

Jumatano mvua ilitukimbiza tukajibanza kwenye kibaraza cha mashine ya kusaga. Deo na Mama Nasra walikuwa upande wa pili wakibishana na msagaji. Mzee Kitwana alikaa kwenye gunia karibu nami, akiutazama mteremko, maji yakishuka juu ya viraka. Toroli la mtu wa maji lilipita kwenye la tatu, na sote wawili tukaona kipande kikubwa kama kiganja kikitoka na gurudumu.

Nikasema, "Mzee, mie nilitia magadi."

Hakugeuka. "Kwenye lami?"

"Kwenye maharage. Nilitaka kuliwahi lori. Maharage yaliiva, lami haikuiva. Nikamwaga."

Alilifuata lile toroli kwa macho mpaka likapotea. Halafu akasema, "Ile Jumamosi sikurudi kula. Mama Nasra akaniletea fungu langu nyumbani, kama desturi yetu. Niliweka tonge la kwanza mdomoni nikajua."

"Ulijua siku ile ile?"

"Mie mtu wa pwani, mwanangu. Nimekula maharage miaka sitini. Nisijue ladha ya magadi?"

"Sasa kwa nini hukuniambia? Tungelichimbua mapema, kabla ya mvua."

"Tungelichimbua, na wewe ungekuwa mtu aliyekamatwa." Sasa alinigeukia. "Nilisema moyoni, huyu atakuja mwenyewe. Miguu yake inampeleka kila mahali, iko siku itamleta na kwangu. Ila umechelewa kidogo. Nilianza kuogopa."

Nilitaka anitukane. Nikatoa kokoto mfukoni, nikampa. Alizipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa karanga.

"Haya hayaishii kwangu tu," alisema. "Ijumaa utamwambia na yeye."

Ijumaa nilimwambia. Nilisimama mbele ya injinia, shimo la tatu wazi kati yetu, nikaeleza yote kuanzia lori la mkaa. Alinisikiliza akiwa ameshika kalamu. Nilipofika kwenye sufuria aliinua mkono.

"Subiri. Magadi?"

"Ndiyo, Injinia."

"Kwenye maharage."

"Ndiyo."

"Na maharage ndiyo saa yenu."

Mama Nasra akamwambia, "Mwanangu, na bibi yako alipikia saa gani?"

Nilisema kwamba kama kuna barua, iandikwe kwa jina langu. Mzee Kitwana akasema mnyapara ni yeye, na jina litakalokaa kwenye barua ni lake, Miguu asimpunguzie cheo. Injinia alivitazama vile viraka viwili vizima kwa muda mrefu, maji yakitiririka juu yake kama yanapita juu ya sahani. Halafu akasema kesho, kukiwa na upenyo wa jua, tulichimbue la tatu na tulizibe upya mbele ya macho yake. "Nitakaa mwanzo mpaka mwisho," alisema. "Na maharage nitanunua mwenyewe."

Alikaa kweli. Tulikausha shimo kwa makumbi. Aliweka saa yake juu ya jiwe, akaandika kwenye daftari kila nilipotia chenga. Saa ya kwanza alikuwa mkubwa wetu. Saa ya pili alikuwa amekunja mikono ya shati, anakoroga, macho mekundu kwa moshi, na Deo anamfundisha namna ya kusimama upande unakotoka upepo. Kuna wakati aliniuliza, "Bado?" Nikasema, "Bado." Lilikuwa neno gumu kuliko yote niliyowahi kusema kazini, maana hata mie miguu ilikuwa inaniwasha.

Mama Nasra akabonyeza harage. "Haya."

Tukamwaga, tukashindilia, tukala palepale kwenye sinia moja, mikono yetu ikinuka mafuta ya taa. Kiraka kile kilimaliza masika. Injinia aliandika kwamba njia inafaa. Mzee Kitwana alistaafu kwa siku yake, kwa kushikwa mkono, akapewa redio. Mwaka haukupita, kazi za barabara zikapewa makandarasi, na kikosi chetu kikavunjwa. Daftari la injinia sijui lilikwenda wapi. Ndiyo maana nawaandikieni.

Baada ya hapo miguu ilinichukua. Nimekaa Kilwa, nimekaa Tunduru, nimevunja kokoto Msolwa. Nilirudi Dar mwaka huu nikaenda Yombo, na pale Kona ya Mashine nikakuta mkandarasi anaifumua barabara yote ili aweke mpya. Vijana walikuwa wakipiga sururu, mmoja anatukana.

"Shida nini?" nikamuuliza.

"Shikamoo, mzee. Hapa pana kitu. Kwingine kote lami inavunjika kama biskuti, hapa sururu inadunda. Sijui waliweka nini watu hawa."

Alikuwa amesimama juu ya la tatu. Nilimwomba kipande. Alipata tabu kunikatia.

Mzee Kitwana anaishi nyumba ile ile, lakini macho yake yameingia ukungu, anatambua watu kwa sauti. Nilimsalimia, sikujitaja. Akasema, "Miguu. Umetokea wapi safari hii?" Nikamwekea kile kipande mkononi. Alikigeuzageuza. Alikinusa. Akakibonyeza kwa kucha ya kidole gumba, akasubiri, akapapasa pale alipobonyeza.

"La ngapi hili?"

"La tatu."

Alikibonyeza tena, kama hakuamini mara ya kwanza. Akakiweka mapajani, akakifunika kwa kiganja.

"Unakwenda wapi kutoka hapa?" aliuliza.

Nilikuwa na basi la jioni, na tiketi ilikuwa mfukoni. Nikamwambia.

"Mke wangu, Bi Mwanahawa, ameinjika maharage sasa hivi," alisema. "Hayana magadi. Yatachukua muda."

Nikavua viatu, nikakaa mkekani.